Reuben Kilalo Mwakulomba, Aliyemsomea Opiyo Njia

Reuben Kilalo Mwakulomba alizaliwa tarehe 4 Mei 1973 kijijini Rukanga, chini ya mlima Kasigau, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwakulomba na Mama Wakesho. Kila mvua ya kwanza iliponyesha, ilikuwa kazi yake na nduguze kuchimba mitaro ya kukata barabara, ili maji yasipite bure bali yaingie kwenye mahindi.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Rukanga, kisha sekondari mjini Voi, alikomaliza mwaka 1991. Alikuwa mtoto wa dirishani: mwili darasani, macho barabarani. Mwaka 1994 alihitimu ufundi wa magari mjini Mombasa.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika gereji moja mtaani Kaloleni, Voi. Huko alimkuta Bwana Tom Opiyo, mwana wa mfanyakazi wa reli, aliyeendesha kila gari kana kwamba ameliiba. "Wewe Mtaita, keti hapa uniambie kona kabla sijaiona," Opiyo alimwambia siku moja. Reuben akaketi, na kiti hicho cha mwelekezi katika mashindano ya magari kikawa chake kwa miaka ishirini.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Gertrude Mkamburi, nao wakajaliwa Moureen na Alvin. Gertrude alimzoea mume anayesoma kona usingizini: "Kushoto, inafunga, usikate." Asubuhi akimuuliza walifika wapi, alijibiwa, "Bado tuko njiani, Mama Moureen."

Msimu wa 2016 ulipita kama ndoto. Wawili hao walishiriki raundi tano za mashindano ya magari barani, kwa gari walilolijenga wenyewe Kaloleni. Uganda walikuwa wa nne. Rwanda ukungu ulishuka hadi milima ikatoweka, na kwa kilomita kumi na mbili Opiyo hakuwa na barabara nyingine ila sauti ya Reuben. Wakamaliza wa pili. Zambia walishinda. Tanzania wakawa wa tatu. Reuben aliusimulia msimu ule kwa sauti ya chini, macho amefumba, na waliomsikiliza waliliona vumbi la Zambia likining'inia hewani, jekundu, muda mrefu baada ya gari kupita.

Raundi ya mwisho ilikuja nyumbani, Taita Taveta. Walikuwa wakiongoza kwa alama. Kumaliza miongoni mwa watano wa kwanza kungetosha kuwapa ubingwa. Lakini mvua ilinyesha baada ya waelekezi kupita njia na kuandika maelezo yao. Hivyo, asubuhi ya Jumamosi tarehe 12 Novemba, waandalizi walibandika karatasi yenye mabadiliko yote ya barabara. Reuben hakwenda kuisoma. "Niende kusomea ukutani barabara ya kwetu?" aliwaambia mafundi, nao wakacheka. Kilomita sita kabla ya Rukanga, gari liliingia kwa kasi kwenye mtaro uliochimbwa alfajiri hiyo kupeleka maji shambani. Mtaro huo ulikuwa kwenye karatasi. Gurudumu la mbele liling'oka. Hakuna aliyeumia, ila ubingwa uliishia hapo.

Jioni waandishi wa habari walipouliza, Opiyo alijibu, "Nilikimbia kupita kiasi. Kosa ni la dereva." Reuben alisimama kando yake, akanyamaza. Mdhamini alimwacha Opiyo, na Opiyo hakushindana tena. Wote wawili walirudi gerejini, wakafanya kazi bega kwa bega, na jambo hilo halikutajwa.

Mwaka 2023 Reuben aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitalini kusafishwa damu, na aliyempeleka ni Opiyo, polepole hata baiskeli zikawapita. Mwezi Februari mwaka huu wa 2025, wakiwa safarini, Reuben alisema:

"Tom, ile karatasi sikuisoma."

"Najua. Mafundi waliniambia siku ile ile, kabla waandishi hawajaja."

"Na bado ukasema vile?"

"Mama yako alikuwa amesimama pale, na leso yake mpya. Ningekuaibisha mbele yake?"

Reuben alilia. Kisha akaagiza habari hii isomwe siku ya maziko yake. Opiyo alikataa kabisa. "Ya nini kumfukua mtu siku ya kumzika?" Reuben alicheka hadi akakohoa, lakini hakubadili neno. "Isomwe, Tom. Umeibeba vya kutosha."

Aliaga dunia nyumbani kwake Kaloleni, asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 51, mkono wake ukiwa mkononi mwa Gertrude.

Ameacha mama yake, Mama Wakesho. Mjane wake, Gertrude. Watoto wake, Moureen na Alvin. Dada zake, Rita na Nzilani. Na Tom Opiyo, ambaye kwa maagizo ya marehemu anaandikwa hapa miongoni mwa ndugu.

Kwa hiyo familia inatamka mbele ya wote waliokusanyika: siku ile dereva hakukosea. Kosa lilikuwa la Reuben, naye amelikiri mwenyewe. Mungu ampokee akiwa mwepesi, na ampe usingizi wa amani.