Mpima Ardhi Aliyejitangazia Nchi Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliokesha nasi siku hizi kumi na moja, maneno haya yameandikwa na binti mkubwa wa marehemu, familia ikamwomba apunguze hasira, akapunguza kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1969, akasomea upimaji ardhi, akaajiriwa tarehe 2 Mei 1973, na kwa miaka ishirini na sita akapanda mawe ya mipaka ya watu bila kulalamikiwa. Mwaka 1981 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 14 Juni 1999, akikagua ramani mpya za halmashauri mbili zinazopakana, aligundua kiwanja chake hakimo katika yoyote kati ya hizo, na badala ya kuripoti kosa lirekebishwe, alirudi nyumbani, akapaka geti rangi ya bluu na kutangaza uhuru. Tangu hapo mgeni aligongewa muhuri kwenye daftari kabla ya kupewa kiti, mama akafanywa waziri wa afya bila kuulizwa, na barua arobaini na tatu za kuomba kutambuliwa zikapelekwa halmashauri zote mbili, zisijibiwe hata moja. Mabinti walichekwa shuleni mpaka wakazoea. Mwaka 2008 mama alichoka akahamia kwa dada yake, na marehemu akamgongea muhuri wa kutoka, jambo ambalo binti yake hakuwa amemsamehe hadi leo asubuhi.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua, akakataa bima kwa kuwa ni ya nchi jirani, akafariki hospitalini tarehe 5 Machi 2024. Binti alipofuatilia kibali cha mazishi, halmashauri moja ilimtuma kwa nyingine, ile nyingine ikamrudisha, siku tisa nzima, hadi karani mmoja alipofungua ramani, akavua miwani na kusema, "Dada, huyu mzee si wetu, wala si wa wale." Hilo ndilo jibu alilolisubiri karibu miaka ishirini na mitano, likaja yeye yumo mochwari, na binti akakaa kwenye benchi la ofisi akalia, kwa sababu baba alikuwa sahihi na hakuwepo wa kuambiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, karani aliyetuonea huruma akatoa kibali, majirani mliovumilia mihuri, na wapimaji wenzake, mliotuambia jana kwamba kosa lile mlilijua tangu mwanzo, na lilihitaji mstari mmoja tu wa kalamu.

Pumzika kwa amani, baba, na sisi utuache tupumzike.