Beisi ya Kwanza Anadaka Nani

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya mke wangu, Mahfoudha, lilikuwa kunipanulia jezi. Jumatatu moja ya Aprili, msimu ulipokwisha, alifumua mbavu zote mbili, akaongeza kipande cha kitambaa cha buluu kila upande, akanivisha hali pini bado ziko mdomoni mwake. Alipozitoa alisema, "Mwakani sikushonei jezi. Ntakushonea hema." Alhamisi tukamzika. Jezi ilibaki kwenye kiti cha cherehani, imekamilika.

Kijiwe chetu kipo Ansab, hapa Maskati, mbele ya duka la vipuri vya magari la Saud. Tunakalia kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye gari la zamani, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu mgongo. Saud huleta birika la kahawa na sahani ya halua kutoka nyumbani kila Alhamisi baada ya Alasiri. Yeye tunamwita Injini. Fahd, aliyestaafu wizarani akiwa karani wa mapokezi, tunamwita Waziri. Gabrieli wa Bukoba, mpishi wa hoteli, ni Chumvi. Mimi, kwa kuwa nilisomea maji na kuyapima kwa miaka thelathini, ni Mhandisi. Sote wanne tuna timu ya besiboli katika ligi ndogo ya Ijumaa, inayochezwa na Wajapani, Wafilipino, Wamarekani na yeyote mwenye glavu. Timu yetu inaitwa Marhaba, yaani karibu, na wapinzani wamelichukua jina hilo kama ahadi. Msimu uliopita tulicheza mara kumi na mbili, tukashinda mara moja, siku ambayo wapinzani walizuiwa njiani na wadi, korongo lililojaa maji ya mvua. Alhamisi moja ya Septemba ilikuwa lazima tupange wachezaji kumi na watano. Orodha ilitakiwa ifike kwa msimamizi wa ligi kesho yake kabla ya sala ya Ijumaa, na timu itakayomaliza mkiani mara ya pili ingeondolewa.

Waziri alishika karatasi. Hakuna anayeshika karatasi mbele ya Waziri.

WAZIRI: Tusipoteze wakati. Timu ikibomoka, inatafutiwa mtu mmoja mkubwa. Yupo Mmarekani kule Sib, mpira akiupiga unatua uwanja wa ndege.

INJINI: Na wenyewe watakupa bure?

WAZIRI: Tunawapa vijana wetu watatu, wanatupa yeye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

CHUMVI: Mzee, vijana watatu ndio miguu yote tuliyonayo. Hao wakiondoka, nani atakimbia? Wewe?

WAZIRI: Mie nna presha.

CHUMVI: Basi.

INJINI: Yakhe, nyie hamjui mashine. Gari likichakaa hununui taa mpya. Unatafuta injini iliyotumika, lakini ya Kijapani. Wale Wajapani wa timu ya bandari, yupo mmoja ana miaka hamsini na tano. Wenyewe wanataka kumpumzisha. Tumchukue yule.

CHUMVI: Anarusha nini, huyo wa hamsini na tano?

INJINI: Anarusha polepole, lakini hakosei. Na Mjapani hafi, anabadilishwa oili tu.

Nilikuwa na daftari la Mahfoudha mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa michezo yetu yote. Alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya wavu, akaandika kila mpira uliopigwa, uliodakwa na ulioanguka. Nilisema kwamba kabla ya kumtafuta mtu, ingefaa tusome mahali tulipovuja.

MIMI: Makosa yote yamo humu. Tuyapange kwa nafasi.

Waziri aliweka kiganja chake juu ya jalada, kwa upole.

WAZIRI: Funga, sheikh. Tusimsumbue marehemu kwa mambo ya mpira.

INJINI: Allah amrehemu. Kunywa kahawa, Mhandisi.

Alinijazia finjani. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo mtu kunifungia daftari, na kila mara kwa heshima.

CHUMVI: Sikilizeni. Jawabu si Mmarekani wala Mjapani. Jawabu ni hawa kaka zetu wa kriketi. Kila kiwanja kitupu Maskati hii kina watu ishirini wanarusha mpira tangu alfajiri.

WAZIRI: Tulishamchukua mmoja wa kriketi. Umesahau?

CHUMVI: Yule alikuwa na haraka.

INJINI: Haraka? Alianza kukimbia toka maegesho. Hatua ishirini. Kisha akaupiga mpira chini kwanza, ukadunda, ukampata refa gotini.

WAZIRI: Na akashangilia.

CHUMVI: Kwao hivyo ni sahihi, mzee. Haraka haraka haina baraka.

INJINI: Methali hiyo inamsema yeye au inamtetea?

CHUMVI: Inategemea ulikaa upande gani wa goti.

Hata mimi nilicheka. Tangu Aprili nilikuwa sijasikia sauti yangu ikifanya hivyo, na wao waliisikia pia, maana Waziri alipata nguvu mpya.

WAZIRI: Basi tuwe wakubwa kabisa. Tunaleta skuli nzima. Dar es Salaam kuna skuli zinacheza besiboli, Wajapani waliwafundisha. Tunaleta vijana tisa kwa viza.

CHUMVI: Viza ya kazi gani?

WAZIRI: Watunza bustani.

INJINI: Bustani ya nani? Kwako kuna mtende mmoja, na umekauka.

WAZIRI: Ndiyo maana unahitaji watu tisa.

CHUMVI: Mzee Waziri, mie nakuelewa. Lakini kafili, mdhamini wa viza za watu tisa, ataulizwa.

WAZIRI: Ntajibu. Nilikaa mapokezi miaka ishirini na sita, hakuna suala nisilolijibu.

INJINI: Ulikuwa ukiwaambia watu warudi kesho.

WAZIRI: Na walirudi.

Wakati huo gari jeupe la familia lilisimama mbele ya duka. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, mwenye mtandio wa kijani na funguo zikining'inia kidoleni.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

Alisema anaitwa Bupe, ni dereva wa familia moja hapo juu, huwapeleka watoto shule, na taa ya mbele ya gari imekufa. Injini aliingia ndani kutafuta. Chumvi, aliyesikia lafudhi ya nyumbani, alimsogezea nafasi na kummiminia kahawa. Bupe aliipokea, akaikaribia karatasi ya Waziri na kuisoma juu chini.

BUPE: Hii ni besiboli?

WAZIRI: Tunajenga timu upya, binti. Mambo mazito.

BUPE: Nilicheza sekondari, Dar. Miaka minne.

Waziri alitutazama sote kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

BUPE: Naona mna warushaji sita hapa. Wapigaji wapo. Lakini mpira ukipigwa chini, mtu akauokota akaurusha beisi ya kwanza, kule anadaka nani?

Swali lenyewe ni la mtoto wa darasa la tatu. Katika besiboli, aliyepiga hukimbilia beisi ya kwanza. Mpira ukifika kabla yake na ukadakwa, ametoka. Usipodakwa, kazi ya wote waliotangulia ni bure.

Chumvi aliangalia ndani ya finjani yake. Waziri alipindua karatasi, akakuta upande wa pili mtupu, akairudisha. Injini alikuwa amerudi na boksi la taa mkononi, akasimama mlangoni asiingie wala asitoke.

CHUMVI: Kule... kuna mwenyewe.

BUPE: Nani?

CHUMVI: Yupo tu, dada.

BUPE: Maana mwezi wa tatu niliwaleta watoto kuangalia mchezo wenu mmoja. Kulikuwa na mzee pale, kavaa jezi imembana. Mipira ilikuwa inampita kama magari kwenye barabara kuu. Na yeye anaitazama hivyo hivyo, kwa adabu.

Hakunijua. Siku ile nilikuwa na kofia ya mchezo na miwani ya jua. Alhamisi hii nilikuwa na kanzu na kofia ya kushona.

WAZIRI: Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

BUPE: Kweli, mzee. Lakini huyu nyama ilikuwa inaletwa mpaka mdomoni.

Nikaelewa basi yale majina yote ya alasiri ile. Mmarekani wa Sib, Mjapani wa hamsini na tano, watunza bustani tisa: wenzangu walikuwa tayari kuhamisha dunia nzima ili wasinihamishe mimi hatua kumi, kutoka beisi ya kwanza hadi kwenye kivuli. Walikuja matangani siku tatu, wakabeba jeneza, wakaniletea wali kwa wiki sita. Mtu uliyembebea jeneza la mkewe humwambii kwamba goti lake bovu linaiangusha timu. Kwetu hilo halisemwi. Na timu ingefutwa kwa sababu ya adabu yetu.

Injini, kwa kutojua la kufanya, alinyanyua birika kunijazia tena. Kwetu mwenye birika haachi kumimina mpaka mnywaji aitikise finjani. Kutikisa ndiko kusema nimetosheka, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mimi kwa kawaida hunywa tano. Nilikuwa nimekunywa tatu.

Niliitikisa.

INJINI: Kahawa bado ipo, Mhandisi.

MIMI: Ninajua. Nimetosheka.

WAZIRI: Umetosheka na nini?

MIMI: Mzee wa mwezi wa tatu ni mimi, Bupe. Jezi ilinibana kweli.

Bupe alisimama wima, akafunika mdomo kwa mkono.

BUPE: Mungu wangu. Mzee, nisamehe.

MIMI: Sina la kukusamehe. Wewe ni wa kwanza kuniambia kitu chenye faida tangu Aprili.

Nikafungua daftari, na safari hii hakuna mkono uliokuja juu yake. Nikawasomea. Michezo kumi na miwili. Mipira iliyoanguka beisi ya kwanza: thelathini na moja. Mipira iliyoanguka nafasi nyingine zote zikijumlishwa: kumi na tisa. Michezo tuliyofungwa kwa pointi moja: minne.

CHUMVI: Minne?

MIMI: Minne. Hatukuwa wabovu kiasi hicho. Tulikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa mimi, nahodha wenu.

Injini aliinama kuangalia ukurasa.

INJINI: Lakini hapa kwako pamefifia. Wengine kaandika kwa wino.

MIMI: Yangu aliandika kwa penseli.

WAZIRI: Kwa nini?

MIMI: Nilimuuliza. Alisema, siku ukitaka kufuta, ufute mwenyewe.

Waziri akavuta karatasi na kufungua kalamu yake ya wizara.

WAZIRI: Binti. Unatumia mkono gani?

BUPE: Wa kushoto.

WAZIRI: Naona. Na kahawa yetu umeishika kwa kushoto. Kwetu kahawa hunywewa kwa kulia.

BUPE: Wa kulia nimeuacha wazi, mzee. Mimi ni shoto. Glavu naivaa kulia. Ndio mkono wa kudakia.

Injini hakuonya. Alilirusha boksi la taa kutoka mlangoni, kwa nguvu, na akakosea: lilikwenda juu na pembeni, kuelekea barabarani. Bupe alinyoosha mguu mmoja mbele, mwingine ukabaki pale pale ulipokuwa, akalichukua boksi hewani kwa mkono wa kulia. Finjani ya kushoto haikumwaga hata tone.

CHUMVI: Mguu haukuondoka.

INJINI: Nimeuona.

CHUMVI: Wazee, mguu haukuondoka.

Mtu wa beisi ya kwanza anaruhusiwa kunyooka atakavyo, mradi mguu mmoja ubaki umegusa beisi. Mimi nilifundishwa hilo misimu mitatu. Na shoto aliyesimama pale glavu yake huelekea uwanjani bila yeye kugeuka. Nililieleza hili kwa utulivu, lakini naamini sauti yangu ilipanda.

WAZIRI: Wafilipino wana wanawake watatu. Sheria inaruhusu. Ijumaa asubuhi una kazi?

BUPE: Ijumaa asubuhi ni yangu. Niliiweka kwenye mkataba kabla sijapanda ndege.

WAZIRI: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tangu nimjue Waziri, hiyo ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake. Aliandika jina la Bupe, na chini yake akaanza kuandika langu, akasita. Nikamwambia aendelee na wengine. Tuliweka vijana wote watatu. Hakuna hata mmoja aliyeuzwa Sib. Mjapani wa Injini tuliahidi kumwalika halua. Kahawa ikaisha, na Injini akalipindua birika kuonyesha kwamba hatudanganyi.

BUPE: Na taa yangu?

INJINI: Umeidaka, ni yako.

Kesho yake, baada ya Alfajiri, nilikaa kwenye kiti cha cherehani na mkasi mdogo wa marehemu. Mishono ya Mahfoudha kwenye jezi ilikuwa midogo na ya umbali sawa, kama iliyopimwa. Niliifumua mmoja mmoja: sabini na minne kulia, sabini na mitatu kushoto. Nikavitoa vipande viwili vya buluu, nikavikunja, nikaviweka mfukoni. Nikazishona mbavu upya kwa mkono. Si kazi nzuri, lakini imenyooka. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uwanjani kwa mazoezi. Bupe aliivaa jezi, ikamkaa. Mpira wa kwanza ulirushwa vibaya, chini, ukatifua vumbi, na tukausikia ukiingia ndani ya glavu. Waziri alipiga kelele kama aliyekombolewa. Mimi nilikunjua kiti nyuma ya wavu, nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika mpira ule kwa wino. Penseli niliiacha nyumbani.