Leland Hoefler, Mtu wa Kadi za Drozd

Ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa kadi mliofika leo Ijumaa, tarehe 25 Oktoba 2019, hapa Dubuque, kumsindikiza Leland: wasifu huu unasomwa na dada yake, Verna, lakini mengi yaliyomo yametoka kwa mkewe, Rosalind, ambaye hakutaka marehemu apambwe. "Andika alivyokuwa," alisema. "Kunichosha, alinichosha."

Marehemu Leland Joseph Hoefler alizaliwa hapa hapa Dubuque, Iowa, tarehe 8 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa marehemu Herman Hoefler, seremala, na marehemu Loretta. Alisoma shule ya parokia, akamaliza sekondari mwaka 1969. Masomo hayakumkaa kichwani, na sababu inajulikana. Kiangazi cha 1961 baba yake alimpeleka uwanjani kutazama besiboli, na mwishoni mwa mchezo, timu yetu ikiwa imebanwa, akaitwa mrushaji wa akiba aitwaye Alphonse Drozd. Warushaji wengine huinua mkono juu. Drozd aliinama mpaka vidole vikakwaruza udongo, akaurusha mpira kutoka chini kama mtu anayemwaga maji ya beseni. Uwanja mzima ukacheka. Wapigaji watatu wakaja mmoja mmoja, wakapiga hewa, wakarudi kuketi. Kesho yake Leland alivunja dirisha la jikoni akijaribu kurusha vile vile.

Drozd alifika ligi kuu, akacheza misimu sita, na kila msimu picha yake ilichapwa kwenye zile kadi ndogo zilizouzwa pamoja na chingamu. Kadi sita tu, jamani! Mtu mwenye akili timamu angezitafuta sita akatulia. Leland alitaka kila Drozd atakayemwona maishani. Alisema mtu aliyechekwa vile hastahili kuishia kwenye pipa la taka.

Alianza kazi kiwanda cha madirisha mwaka 1970, akastaafu 2013 bila kukosa zamu ila siku za maonyesho ya kadi, ambazo kila mara alikuwa "na mafua."

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Rosalind Tierney. Siku ya tatu ya fungate, huko Wisconsin, bibi harusi aliachwa ndani ya gari saa mbili nzima mbele ya nyumba ya watu asiowajua, bwana akipekua masanduku ya viatu gereji kwao. Alirudi anang'aa. "Roz, nimepata Drozd wawili!" Rosalind akamjibu, "Na mke unaye bado? Hebu angalia vizuri." Mungu akawajalia watoto wawili, Curtis na Maureen.

Kadi ya 1969 ndiyo iliyomsumbua, kwa kuwa zilichapwa chache. Aliipata mwishoni mwa 1982, kingo zimechakaa kama zilizotafunwa na mbwa. Februari iliyofuata, siku ya kuzaliwa kwake, Rosalind alitaka kumfurahisha. Alichukua mkasi wake wa kushonea, akazinyoosha zile kingo pande zote nne, akaitia kadi kwenye fremu nzuri. Leland aliitazama kitambo. "Imependeza, mke wangu," alisema. "Imependeza kweli." Akaitundika mwenyewe juu ya televisheni.

Basi ungedhani yameisha. Wapi! Miaka thelathini na sita iliyofuata mtu huyo alizunguka Iowa na Illinois yote akiulizia kadi ya 1969. "Leland, unayo ukutani pale!" Rosalind alimwambia, kwa upole mwanzoni, baadaye kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Jibu lilikuwa moja: "Ya akiba, Roz."

Mwaka jana moyo wake ulianza kusumbua, na daktari akamkataza kuendesha gari. Jumamosi tarehe 19 Oktoba aliendesha mpaka Davenport, kwenye maonyesho. Jioni, walipokaa kula nyumbani, Rosalind alimkabili.

"Umenunua nini?"

"Sijanunua kitu, Roz. Nimeangalia tu."

"Uende Davenport na moyo huo, urudi mikono mitupu? Mimi mtoto mdogo?"

"Kweli tena."

"Muongo mkubwa wewe!"

Leland alimalizia viazi vyake, akaosha sahani. Asubuhi ya Jumapili, akiwa anafunga kamba za viatu aende misa, moyo ulisimama. Maneno ya mwisho aliyoambiwa na mkewe ni hayo mliyoyasikia.

Wiki nzima Rosalind ameisaka kadi aliyoamini imenunuliwa na kufichwa: mifuko ya koti, chini ya viti vya gari, nyuma ya makabati. Jana, wakati wa kuaga mwili, alimbana Gus Brandel, rafiki wa marehemu wa kadi tangu zamani, aliyekuwa naye Davenport siku ile.

"Gus, alinunua nini?"

"Hakununua kitu, shemeji. Ile ya sitini na tisa ilikuwepo mezani, nzima kabisa. Aliishika muda mrefu. Akairudisha."

"Airudishe? Si ndiyo aliyoililia miaka yote, na nyingine anayo ukutani?"

Gus alitazama viatu vyake. "Ya ukutani ilikatwa, shemeji. Kwetu sisi kadi ikipitiwa na mkasi, hata kidogo tu, imekufa. Nilimwambia, 'Leland, ichukue!' Akasema, 'Nikiifikisha nyumbani Roz ataziweka pamoja, ataona moja ni fupi. Ataniuliza, na mimi siwezi kumwambia.'"

Rosalind alilisogelea jeneza. "Mpumbavu wewe," alisema. "Mpumbavu mkubwa! Ungesema tu!" Kisha akalia, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na masanduku thelathini na moja ya viatu ambayo hayauzwi, asije mtu kuuliza.

Rosalind ameagiza lisomwe na hili, mbele ya kaburi, kila mtu akisikia: Leland hakuwa muongo. Hakununua kitu.

Mungu ampe pumziko jema.