Siku Nilimujibu Kapita na Matusi ya Mbuzi

Bababa na bamama, bandugu zangu, ile mambo nitasema inanionyesha mupumbafu. Museke tu. Lakini museke polepole, bibi yangu iko pale nyuma na tumbo yake, asizalie mu mukutano.

Nilitumika kazi miaka tatu ku boulangerie moja, kule banachoma mukate, sitataja jina. Kazi yangu ilikuwa paka kubeba mifuko ya farine, unga ya mukate. Mangaribi nilikuwa narudia mweupe kuliko patron, muzungu mwenye boulangerie. Siku moja nikakasirika, nikaacha. Nilizani kazi ingine inaningojea mu barabara. Kumbe hapana! Na munajua mambo ya huku: bila kazi, hakuna karatasi ya kukaa mu cité, mutaa yetu. Tukabakisha siku kumi, kisha banaturudisha kwetu Pweto, miye na bibi mwenye kukaribia kuzala. Baba yangu ni muvuvi kule. Miye, hata bwato naogopa.

Nikasikia boulangerie ingine inatafuta bantu. Nikaenda. Patron wa pale aliachia kapita wake, musimamizi wa batumishi, kazi ya kuuliza. Kapita akaanza: "Weye wa ukoo gani?"

"Wa mbuzi."

"Aba! Miye wa chui!"

Furaha gani! Kwetu, mbuzi na chui banatukanana hata pa kilio, na hakuna mwenye kukasirika. Nikasema mu roho: kazi nimepata.

Akauliza: "Kule ku kazi ya zamani, ulitoka juu ya nini?"

"We chui wa meno ya kuoza, patron yule mukate wake kadogo! Hata panya banahamia Mokambo ku mupaka juu ya njaa. Na yeye anatembea sawa bata mwenye kumeza funguo." Nikatembea vile, nikamuonyesha.

Kapita aliseka mpaka akakaa chini. Akapangusa machozi. Akasema: "Rudia nyumbani, mbuzi."

"Na kazi?"

"Kazi gani?"

Ndugu zangu, nawaambia, ile siku njia ya nyumbani ilikuwa murefu.

Nikafika hapa mu mukutano yenu, mukatupatia unga na makala. Nikawaelezea, wote mukaseka, isipokuwa mama moja. Sisemi jina. Muache kumuangalia! Akakunja mikono sawa kapita, akaniuliza: "Ulitoka juu ya nini?" Nikaanza tena na bata. Akanikata: "Nasikia patron, patron. Weye uko wapi mule?"

Nikaacha kutembea sawa bata. Kisha nikasema: "Mama, nilitaka kujifunza kazi ya furu, kuchoma mukate. Miaka tatu naomba, miaka tatu ananiambia kesho. Nilisikia haya mu roho."

Akasema: "Basi, ile ndiyo ukaseme."

Nikarudia. Kapita aliponiona tu: "Mbuzi! Umeleta bata?" Ulimi uliniwasha, kweli. Lakini nikasema: "Baba kapita, leo tuache ukoo ku mulango. Patron wa zamani alinilipa kila mwezi, siwezi kukatala. Nilitoka juu nilitaka kujua furu, na hakunifunza. Hapa nitabeba farine. Lakini nataka siku moja munionyeshe moto."

"Na tukikawia?"

"Nitakuuliza weye, mbele ya kuacha. Kule nilitoka na hasira bila kuaga. Ile ilikuwa kosa yangu."

Akaniangalia, akaniangalia. Akasema: "Lete kitabu yako ya kazi, nikuandike." Karatasi ya kukaa tukaipata siku mbili mbele ya kufukuzwa.

Aksanti kwenu juu ya unga, aksanti kwa mama ule. Na weye mwenye kutafuta kazi, bakikuuliza juu ya kazi ya zamani, usikae kubahesabia ubaya ya patron. Baambie kintu ulikuwa unatafuta na ukakikosa. Na kama ulikosea, sema, haiui muntu.

Jana ku kazi tulikuwa tunakula, nikamuuliza kapita juu ya nini alinifukuza siku ile ya kwanza na alikuwa anaseka vile. Akatafuna kwanza, akameza. Akanijibu: "Mbuzi, nilikuwa naseka na naogopa. Nilijiuliza: uyu, nikimuandika leo, siku akiondoka kwangu atanisema namna gani?"