Bi. Ardith Kroeker, Aliyechungulia Milango Yote

Wapendwa, kaeni wima, vueni kofia, na walioko viti vya nyuma wasogee mbele. Kwa huzuni kubwa familia inawatangazia kwamba Bi. Ardith Mae Kroeker, jicho la Idara ya Michezo ya Chuo cha Kearsley, mwanamke ambaye hakuna mwanamichezo aliyetoroka kipindi mbele yake akabaki salama, amefunga zamu. Walioanza kufurahi wamwogope Mungu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika shamba la mahindi nje ya mji wa Wilber, Nebraska, mtoto wa pili wa Bw. Emil na Bi. Libuse Vlasek. Dada yake Lavonne anasema kazi aliianza mapema: akiwa na miaka sita alizunguka banda la kuku kila jioni akiwaita mmoja mmoja kwa jina, na kuku aliyejificha chini ya kreti alivutwa nje, akahubiriwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1968, na mwaka 1972 akatunukiwa shahada ya ualimu na Chuo cha Kearsley. Kwa taarifa ya wajukuu wake, hakukosa kipindi hata siku theluji ilipofika madirishani. Siku hiyo alimkuta mfagizi peke yake, wakakaa wawili mpaka muda ulipoisha.

Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Bw. Delwyn Kroeker, muuza mitambo ya umwagiliaji, mtu mwenye mabega ya kawaida. Walijaliwa binti mmoja, Renae. Kwa miaka kumi na mitatu Bw. Delwyn alikuwa na mke wa peke yake, na miaka hiyo anaikumbuka kama watu wanavyoikumbuka bei ya zamani ya petroli.

Maana mwaka 1986 Idara ya Michezo ilimwajiri marehemu katika kitengo cha kuwasaidia wanamichezo kimasomo. Sheria mnaijua: asiyefaulu hachezi. Kazi yake ilikuwa kupita jengo hadi jengo, kuchungulia kioo cha mlango, na kuona kama kijana aliyepaswa kuwa kitini yupo kitini. Aliyekosekana, kesho yake alfajiri kocha alimkimbiza kwenye ngazi za uwanja mpaka atapike. Jioni marehemu aliketi nao kwenye meza ya masomo, akawarudisha polepole kwenye yale waliyoyakimbia. Walijaribu kuketisha darasani marafiki waliovaa jaketi zao. Aliwatambua kwa umbo la masikio. Na alikuwa na kanuni moja isiyo na rufaa: aliyelala, hayupo.

"Mama K., si nilikuwepo!" alilalamika Desmarion Tilley, beki wa mpira wa Kimarekani, kilo mia moja na thelathini. "Umechungulia, ukaniona kabisa!"

"Niliona koti na mate. Wewe hukuwepo. Kapande ngazi, kisha uniletee kitabu cha takwimu."

Desmarion akapanda, akaleta kitabu. Takwimu alikuwa ameshafeli mara mbili, na ya tatu ingemwondoa uwanjani. Marehemu alimfundisha wastani kwa hesabu ya watu aliowaangusha chini kila mechi, na siku alipopata C, mama huyu alifika nyumbani analia.

"Desmarion kapata C!"

"Mimi leo nimeuza mitambo minne," Bw. Delwyn akasema. "Kaunti nzima hii hakuna aliyewahi kuuza minne kwa siku moja."

"Vizuri, Del. Nipishe, nabandika picha yake."

Ikabandikwa kwenye mlango wa friji, pamoja na wenzake lukuki. Bw. Delwyn naye alikuwa na picha hapo tangu mwaka 1979, ameshika kambare. Hiyo ikahamishiwa ubavuni mwa friji, upande ambao anayeiona ni ukuta.

Wanaume wengine wakishikwa na wivu hununua pikipiki. Bw. Delwyn alijiandikisha chuo. Vuli ya mwaka 1994, akiwa na miaka arobaini na sita, alichukua somo la miamba ya nyanda, Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, darasa lililojaa vijana wa mkewe na lenye kioo cha mlango kikubwa kuliko vyote chuoni. Alitaka kitu kimoja tu: ile sura itokee kwenye kioo, imtafute, imkute yupo.

"Mzee, wewe ni polisi?" Desmarion, aliyekaa kando yake, alimnong'oneza.

"Mimi ni mume wa Bi. Ardith."

"Wa Mama K.? Khaa! Pole sana, mzee. Na nyumbani nako anachungulia?"

"Nyumbani hachungulii hata kidogo," Bw. Delwyn akajibu kwa uchungu. "Ndiyo maana nimekuja."

Alivaa jaketi jekundu, akachagua kiti karibu na mlango. Kila kipindi sura ilitokea, macho yakapita safu kwa safu, ikaondoka. Nyumbani ilikuwa chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, mkate wa mdalasini, na habari za Desmarion. Kuhusu miamba, kimya. Darasa lile lilikuwa na joto, profesa alikuwa na sauti ya feni, na siku hizo Bw. Delwyn alikuwa mashambani kwa wateja tangu saa kumi alfajiri. Lakini mwenyewe anashikilia kwamba alikuwa macho kama bundi. Alipata B ya chini, ambayo haikubandikwa popote, akakaa na donge lake miaka ishirini na tisa.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Vijana wake wakaja kutoka kila upande, wakala kila kitu, wakavunja sofa. Desmarion, ambaye sasa ni mwalimu mkuu wa sekondari huko Omaha, ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari kila siku ya kliniki. Bw. Delwyn aliwahi kumbeba mara moja, siku ya harusi, na mgongo wake haujasahau.

"Hata kuumwa, anaumwa na timu nzima," alinung'unika akiosha vyombo vyao.

Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, nyumba ilipobaki na wao wawili, aliketi kando ya kitanda, akaliuliza hatimaye: "Ardith, ule muhula wa miamba. Ulikuwa unaniona?" Alijibiwa. Jibu hilo, kwa ombi la mgane mwenyewe, tumeliweka mwisho, maana anataka Kearsley nzima ilisikie. Anasema limemtosha.

Bi. Ardith alifariki nyumbani Jumapili tarehe 11 Februari, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na hakukuwa na mchezaji hata mmoja chumbani. Hilo nalo mgane ameomba litajwe.

Ameacha mume, Bw. Delwyn, binti, Renae, wajukuu wawili, dada, Lavonne, na wanamichezo mia kadhaa ambao mgane aliomba wasihesabiwe kuwa familia. Wamehesabiwa. Baada ya miaka yote ya kusimama milangoni, Bwana ampe kiti, na miguu yake ipumzike kwa amani.

Na jibu lenyewe ni hili:

"Kila kipindi, Del. Ulikuwa umelala."