Mwalimu Karwirwa na Kemia Aliyokatazwa

Pasta wetu, wazee wetu, majirani na wageni mliotoka mbali, mimi ni Murithi, kitinda mimba wa kwetu, nimepewa kazi ya kusoma historia ya dada yangu, kwa hivyo mtanivumilia nikisimama katikati kupangusa macho.

Marehemu Mwalimu Lenah Karwirwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1954 huko Ruiri, akiwa kifungua mimba wa Mzee Marete na Mama Mukiri, akaanza shule ya msingi papo hapo kijijini mwaka wa 1961, akapita vizuri hadi sekondari, na Januari 1974 akajiunga na chuo cha ualimu huku Embu, akiwa msichana pekee katika darasa la kemia.

Asidi na besi hazikumsumbua, kwani nani aliyelelewa kwa uji uliochacha na githeri ya mahindi na maharagwe yaliyopikwa kwa magadi asijue tofauti yake? Maji yalizidi unga walipofika kwenye msawazo wa kemikali, pale mmenyuko unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, kwa maana yeye aliandika katika mtihani kwamba vitu vikishasawazika kazi imekwisha, kama vile wazee wetu wakishaamua kesi kila mtu huenda kwake, akaanguka, puu! Mkuu wa chuo akamwita ofisini, akamwambia kwamba kemia si ya wasichana, na akianguka tena mtihani wa marudio mwezi wa tisa atahamishiwa ushonaji, na dada yangu, ambaye hata kushona kifungo kulimshinda, akaja nyumbani likizo ya Agosti amevimba kwa hasira.

Siku moja mama alimtuma kwa jirani na kiondo cha maharagwe, na kwa vile kwetu kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu, jirani akakijaza nduma za shambani kwake, kesho yake jirani naye akatuma chake, kikarudi na ndizi, na hapo Karwirwa akasimama langoni akicheka peke yake mpaka mama akadhani masomo yamemharibu kichwa. Kumbe alikuwa ameona kwamba chakula hakipungui katika nyumba yoyote, si kwa sababu viondo vimesimama, bali kwa sababu vinakwenda na kurudi kwa mwendo mmoja, na upande mmoja ukivuna zaidi, vingi huelekea upande wa pili hadi mambo yasawazike upya. Septemba akafanya marudio, akawapita wanaume wote, na ushonaji ukaachiwa wenyewe.

Alihitimu mwaka wa 1976, akatumwa kufundisha Mikinduri, na alipokosa karatasi za kupimia asidi aliagiza kabichi za zambarau kutoka Timau, akazichemsha, na maji yake yalipogeuka mekundu kwa ndimu na kijani kwa magadi, wasichana walipiga vigelegele darasani. Msichana aliyesema kemia ni ngumu hakubembelezwa, alihamishiwa dawati la mbele.

Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Bwana Njue wa hapa Embu, mtu mpole aliyevumilia chupa zenye harufu mbaya jikoni mwake, wakajaliwa Wanja na Munyi. Alistaafu mwaka wa 2014, akaanza kuugua figo mwaka wa 2021, na hata alipokuwa akisafishwa damu aliwafundisha wagonjwa wenzake jinsi damu inavyojilinda na asidi, watake wasitake, hadi Bwana alipomwita tarehe 3 Februari 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia wiki nzima, na walimu wenzake. Tuna uchungu, lakini leo tunajivuna, tena sana.

Sasa, kabla hatujamteremsha, nyote aliowafundisha kemia simameni, hasa ninyi akina mama mliowahi kuambiwa haiwafai. Haya! Safu ya wauguzi yote, walimu wale, daktari wake mwenyewe, na Pasta wetu, kumbe hata wewe, mama, alikufundisha? Pumzika kwa amani, Mwalimu, darasa lako limesimama.