Mwandiko Ni Wangu

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Soma Tena, na mimi nilimwita Mama Mkubwa kwa kuwa mama yangu ni mdogo wake wa kumfuata, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi wa injini na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akamaliza sekondari mwaka 1968, akahitimu mafunzo ya utoaji dawa Novemba 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akaketi kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la dawa la zahanati, dirisha ambalo hakuliacha hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2014, na watani wao walikuwa wakisema kwamba kwa kuwa bwana anapima dakika na bibi anapima dawa, nyumba ile hata chumvi huingia mchuzini kwa mizani. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Mwaka 1984 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa maombi. Septemba 1985 aliongoza mfungo wa siku tatu, watu wakamsifu, naye, kama alivyosema mwenyewe, akalewa bila kuonja pombe, akatoka kanisani Jumatatu tarehe 9 akaenda moja kwa moja dirishani, hajala wala hajapumzika, na kwenye chupa ya dawa ya mafua ya mtoto wa miaka miwili akaandika kijiko kikubwa badala ya kijiko kidogo.

Mtoto huyo ni mimi. Nililala usingizi usioamshika, nikakimbizwa hospitali kubwa, nikakaa huko siku nne, na wazee wenzake walipomfariji kwamba hayo ni mashambulizi ya shetani, aliwajibu, shetani haandiki lebo, mwandiko ni wangu. Alikiri kwa mkuu wa zahanati, akampigia magoti mdogo wake, akaacha kuongoza maombi mwaka mzima, na aliporudi, neno kiasi, ambalo wengine walilijua kama neno la mimbarini tu, kwake lilikuwa na kijiko ndani yake. Kila aliyepokea dawa alitakiwa asome lebo kwa sauti, kisha asome tena.

Jumapili tarehe 17 Agosti 2008, mhubiri mgeni aliwaambia wagonjwa waziache dawa zao madhabahuni kama ishara ya imani, na chupa kumi na tisa zikaachwa, zote zikiwa na mwandiko wa Mama Mkubwa. Baada ya ibada alimsubiri mhubiri amalize kunawa mikono ale, akamwambia, Baba, wewe waombee sana, mimi nawarudishia dawa zao, kisha akazitia kapuni, akazunguka nyumba kwa nyumba, na kabla jua halijazama zote kumi na tisa zilikuwa zimesomwa tena. Hakumsema vibaya mhubiri yule hata siku moja, alisema anaujua ulevi ule, na kwamba mtumishi hukesha kwanza juu ya nafsi yake.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mwezi uliopita aliniita nimsomee historia hii, nikasoma, akasema, soma tena, nikasoma, akauliza iko wapi tarehe 9 Septemba. Nilimwambia, Mama Mkubwa, nimeiacha, nakulindia heshima. Akasema heshima hiyo mpe fundi wa jeneza apigie msumari, wanaobaki kwenye utumishi wanaihitaji tarehe hiyo kuliko sifa zote, iandike, na isome wewe. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akili zake timamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumfulia na kumpikia, wafanyakazi wenzake wa dirishani, na kanisa lote. Mama Mkubwa, nimesoma kama ulivyoagiza, bila kuruka. Pumzika kwa amani, zamu tumeipokea.